Pima, Jaribio na Cheti: Habari za Upimaji wa Waya katika Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Neno simu, ambalo leo kila mtoto wa Moshi hulijua kabla hajajua kusoma, halikuwa jina la chombo cha kusemea. Asili yake ni neno la Kiajemi, sim, lenye maana mbili: fedha, yaani yale madini meupe, na waya. Katika makamusi ya mwanzo wa karne ya 20 laonekana kwa maana ya waya wa kupelekea habari, na habari yenyewe iletwayo kwa waya huo. Baadaye likawa jina la chombo cha kusemea, hata wireless ilipokuja ikaitwa simu ya upepo, yaani waya usio waya; na sasa ni jina la kitu kitiwacho mfukoni kisicho na waya hata kidogo. Mwendo huu wa maana wafaa kukumbukwa na mtu atakaye kuchunguza habari za waya, kwa sababu waya umefichika ndani ya neno kama ufichwavyo leo ndani ya kuta na dari za majengo. Kitu kisichoonekana ndicho kihitajicho kupimwa. Na upimaji wa waya katika nchi ya Moshi una historia ndefu kuliko wadhanivyo wengi, na maneno yake ni mengi kuliko yatumiwayo na mafundi wa leo.

Waya ulifika Kilimanjaro zamani kabla ya simu. Misafara iliyotoka Pangani, Tanga na Mombasa ilichukua nguo, shanga na nyaya, na katika nyaya zenyewe palikuwa na tofauti kubwa zilizokuwa na majina yake. Masango ni waya mnene wa shaba. Udodi ni waya mwembamba uliosokotwa kuwa vikuku. Senenge, ambalo wengine hulitamka seng'enge, ni waya wa chuma. Joseph Thomson, aliyepita Taveta na kufika Moshi kwa Mangi Rindi katika mwaka 1883, alikwenda na mizigo ya nyaya za namna hizo, na katika kitabu chake cha mwaka 1885 aeleza jinsi msafiri alivyopaswa kujua kila nchi yataka waya gani na shanga gani. Shanga zilizofungwa kwa urefu usiopendwa na Wamasai ilibidi zifunguliwe na kutungwa upya Taveta kabla ya msafara kuendelea. Msafiri asiyejua alidhani kwamba huo ni ubishi wa watu wasio na elimu. Ulikuwa ndio kipimo cha soko, na kitu kisicholingana na kipimo kilirudishwa, ingawa kilikuwa kizuri kwa macho ya mwenye kukileta.

Katika miteremko ya mlima, hasa Mamba, wafua chuma waliutia waya wa chuma motoni wakautengeneza kuwa mikufu na silaha. Mtu wa kazi hiyo hakununua jina. Alitazama unene, akaupinda, akajua kama utavunjika au utanyumbuka. Hapo ndipo kipimo kilipokuwa katika mkono na jicho la mnunuzi, wala hapakuwa na hati.

Kwa urefu, kipimo kilikuwa mwili wa mtu. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima, yaani urefu wa mikono iliyonyoshwa pande zote mbili. Neno pima ni la Kibantu asili, na kitenzi kupima na jina la kipimo hiki ni shina moja. Hata hivi leo kitenzi kimeenea katika kila jambo, toka kupima shamba hata kupima damu, ila kipimo chenyewe kimesahauliwa na wengi. Upungufu wake ulijulikana na kila mfanya biashara: pima ya mtu mfupi si pima ya mtu mrefu. Basi hapana budi mwenye kuuza na mwenye kununua wakubaliane kwanza ni mwili wa nani utakaopima. Jambo hili dogo litarudi tena katika vyombo vya umeme vya zama hizi.

Wakati ule ule ambapo masango yalikuwa yakipanda mlimani kwa vichwa vya wapagazi, watu wa Ulaya walikuwa wakijifunza, kwa hasara kubwa, kwamba waya waweza kuwa mzima kwa macho na mfu kwa kazi. Waya wa bahari ya Atlantiki ulikamilika mwezi wa Agosti 1858, na haukutimiza majuma manne kabla ya kunyamaza. Aliyekuwa na dhamana ya umeme wake, Wildman Whitehouse, alikuwa ameusukuma kwa nguvu ipatayo volti 2,000 akitaka useme kwa haraka. Ule wa Bahari ya Sham, uliopita Suez na Aden hata Karachi, uliotandikwa mwaka 1859 na 1860, ulikuwa na mkosi mkubwa zaidi. Sehemu zake zilijibu moja moja, lakini njia nzima haikufanya kazi ya kudumu. Na kwa kuwa serikali ya Uingereza ilikuwa imewaahidi wenye fedha faida ya asilimia 4½ juu ya pauni 800,000 kwa miaka 50, bila ya kutia sharti kwamba waya lazima useme, hazina ililipa pauni 36,000 kila mwaka kwa ajili ya waya mfu. Ni mfano mkubwa wa kazi iliyopokelewa bila ya cheti.

Matokeo yake ni kwamba baraza la uchunguzi likaundwa, likatoa taarifa yake mwaka 1861, na mwaka huo huo British Association ikaweka kamati ya wataalamu, akiwamo William Thomson ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, ili kuweka kipimo kimoja cha ukinzani wa umeme. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na kipimo chake: huyu alihesabu kwa maili ya waya wake wa chuma, yule kwa waya wake wa shaba, kama wafanya biashara wa Pangani kila mmoja na pima yake. Mkutano wa Paris wa mwaka 1881 ndio uliokubali omu, volti na ampea kuwa vipimo vya mataifa. Waya wa bahari uliofika Unguja toka Aden mwaka 1879 na kuendelea kusini hata Durban, ulipimwa kwa elimu hiyo iliyonunuliwa kwa nyaya zilizokufa. Na mwaka 1890 Wadachi wakaunganisha Unguja na Bagamoyo na Dar es Salaam kwa waya wao wenyewe.

Moshi ililetewa waya na reli. Kazi ya reli ya Usambara ilianza Tanga mwaka 1893, ikaenda polepole sana, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911, mwendo wa kilomita 352. Mji wa Moshi wa leo, ulio chini katika uwanda, ni mtoto wa stesheni hiyo. Boma la zamani lilikuwa juu, katika nchi ya Mangi Rindi na mwanawe Meli, ambaye Wadachi walimnyonga mwezi wa Machi 1900. Reli za siku zile haziendeshwi ila kwa waya ufuatao njia, maana gari moja haliwezi kuruhusiwa kuondoka kabla ya kujulikana liko wapi jingine. Kwa hiyo waya wa reli ulipasa kupimwa, na kupimwa kila siku, wala haikuwa anasa ya wataalamu.

Yafaa kueleza jinsi upimaji huo ulivyokuwa, kwa kuwa ndani yake mna jambo lililo kiini cha habari hizi. Waya wa nguzo waweza kuugua kwa njia tatu. Waweza kukatika; waweza kugusana na mwenziwe; au waweza kuvuja, yaani umeme ukashuka ardhini kwa tawi la mti lililoulalia au kwa kikombe cha kaure kilichopasuka au kulowa. Kwa mtu asikilizaye ofisini maradhi yote matatu yanafanana: habari haifiki. Kwa kipimo yanatofautiana kabisa. Waya uliokatika hauonyeshi njia ya umeme. Uliogusana waonyesha njia fupi kuliko inavyopasa. Uliovuja waonyesha njia yenye kubadilika-badilika, leo hivi na kesho vile, kwa kadiri ya mvua. Tena kipimo huonyesha mahali. Tuseme waya wa chuma una ukinzani wa omu 10 kwa kila kilomita, na fundi aliye Tanga apata omu 1,290 hata mahali paliposhikana na ardhi: basi ajali iko karibu na Mombo, kilomita 129 toka Tanga, na mtu wa kutengeneza hupelekwa Mombo wala hahangaiki kutembea njia nzima.

Lakini hesabu hiyo yadanganya mara nyingi. Mahali panapovuja pana ukinzani wake wenyewe, ambao fundi wa Tanga hawezi kuutenga na ule wa waya. Naye huiona ajali mbali kuliko ilivyo. Dawa yake ni kwamba fundi wa mwisho wa pili, wa Moshi, apime naye kwa upande wake, kisha hesabu mbili zilinganishwe. Njia nyingine, zenye kuitwa kwa majina ya Varley na Murray, hutumia waya mzima kwa kumrudishia fundi mmoja kipimo cha pande mbili. Asili ya shauri ni ile ile. Waya haujulikani kwa mwisho mmoja. Na watu wawili wapimao, mmoja huku na mmoja kule, wasioonana, sharti wawe na maneno mamoja kwa maradhi yale matatu. Fundi asemaye "waya umekufa" hajamwambia mwenziwe neno lolote. Asemaye "umekatika", au "umegusana", au "unavuja", amekwisha kufanya nusu ya kazi. Maneno haya matatu yote ni ya Kiswahili safi.

Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vilileta reli ya pili, toka Voi kwa njia ya Taveta, na Waingereza waliingia Moshi mwezi wa Machi 1916. Nyaya za vita zilizopita katika nyika ziliharibiwa si na adui tu bali na twiga, ambao walizikokota kwa shingo zao. Wizi wa waya pia ni habari ya kale katika Afrika ya Mashariki; Wanandi, wakati wa kujengwa reli ya Uganda, walichukua waya wa simu kwa ajili ya mapambo na silaha, na maofisa waliandika habari hizo kwa mshangao mkubwa. Hapana la kushangaza. Kwa watu ambao kwao masango na senenge yalikuwa mali kwa muda mrefu, serikali ilikuwa imetundika mali juu ya nguzo maili nyingi bila ya mlinzi.

Miaka iliyofuata yaweza kupitishwa kwa haraka. Mwaka 1933 idara za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na mwaka huo huo chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kiliundwa Moshi, mji ambao ukawa soko la mnada wa kahawa na kwa hiyo mji uhitajio habari za bei kila siku. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilihamishia makao yake makuu Kampala baada ya mkataba wa 1967. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Shirika la Tanzania likarithi nguzo na nyaya, kisha katika miaka ya 1993 na 1994 simu ikatengwa na posta ikaundwa TTCL. Katika mabadiliko hayo yote waya wa chuma uliacha nafasi yake kwa shaba, ambayo ukinzani wake ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa chuma, na waya mmoja wenye kurudi kwa ardhi ukaacha nafasi yake kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Shauri la kusokota ni la Alexander Graham Bell, la mwaka 1881. Lilitakiwa kwa sababu nyaya zilizokaa sambamba zilipokezana maneno, hata mtu aliyezungumza na Arusha akasikia mazungumzo ya mtu mwingine kwa mbali, kama jirani anong'onaye nyuma ya ukuta.

Hapa ndipo maradhi ya nne yalipoingia, ambayo si kukatika, wala kugusana, wala kuvuja ardhini. Waya ni mzima, wasema, na bado haufai. Mtu wa Kilimanjaro hana haja ya kufundishwa jambo hili kwa mfano wa mbali. Mifongo ya Wachagga, ile mifereji iletayo maji toka mabonde ya juu hata vihambani, haihukumiwi kwa maji yaonekanayo pale mtoni inapoanzia, bali kwa yale yafikayo katika kihamba cha mwisho, baada ya kunywewa na udongo, kupungua kwa jua, na kuingia katika mfereji wa jirani pasipo haki. Mfongo waweza kuwa na maji juu na chini, na bado mwenye kihamba cha mwisho akawa na neno la kusema katika kikao. Waya wa habari nao hupoteza njiani, na huingiliwa na jirani, na hurudisha mwangwi pale ulipofungwa vibaya. Kupungua, kuingiliana na mwangwi: haya matatu ndiyo yapimwayo leo katika nyaya za kompyuta, na hapana hata moja ambalo jaribio la taa na betri laweza kuligundua.

Sheria za nyaya za majengo ziliandikwa Marekani mwezi wa Julai 1991 kwa jina la TIA-568, na kwa mataifa yote mwaka 1995 kwa jina la ISO/IEC 11801. Mwaka huo wa 1995 ndipo yalipotolewa pia masharti ya kupima kazi palepale jengoni, si kiwandani tu. Waya una jozi nne zilizosokotwa, kila jozi kwa msokoto wake; wa kategoria ya 5 hupimwa hata megahezi 100, wa kategoria ya 6 hata 250, na wa 6A hata 500. Urefu wa njia nzima hauruhusiwi kupita mita 100, na sehemu isiyoondoka, iliyofungwa ukutani, mita 90. Mita 100 ni karibu na pima 55. Chombo hakipimi urefu huo kwa kamba. Hutuma mshindo wa umeme, hungoja mwangwi wake, na huhesabu urefu kwa muda uliopita; kwa hiyo ni lazima kiambiwe kwanza umeme huenda kwa mwendo gani ndani ya waya ule, kwa mfano asilimia 69 ya mwendo wa mwanga. Fundi akiacha 72 iliyokuwamo toka kazi ya jana, waya wote utaonekana mrefu kwa asilimia 4 na zaidi. Kosa hili ni lile lile la pima ya mtu mrefu na pima ya mtu mfupi.

Hali ya nchi nayo yaingia katika hesabu. Kupungua kwa nguvu ndani ya waya usio na ngao huongezeka kwa asilimia 0.4 hivi kwa kila digrii moja ya joto juu ya digrii 20. Katika uwanda wa Moshi, dari iliyo chini ya mabati hupata joto kubwa wakati wa adhuhuri, na waya uliopimwa asubuhi na kupita kwa shida waweza kushindwa mchana. Kibosho au Marangu, penye baridi, waya ule ule ungepita siku nzima. Shida ya huko ni unyevu na radi.

Sasa litazamwe suala la maneno, ambalo si la mapambo. Kazi hizi katika Kiswahili cha mafundi zimemezwa na neno moja, kutesti. Fundi husema ametesti waya, naye mwenye jengo hulipa. Lakini kuna matendo matatu mbalimbali. La kwanza ni kujaribu: kuona kama waya umefika na kama jozi zimefungwa mahali pake, kijaribio cha taa nane, cha bei ndogo, hutosha. La pili ni kupima: kupata hesabu ya kupungua, ya kuingiliana, ya mwangwi na ya muda, kwa kila jozi na kwa kila sehemu ya masafa. La tatu ni kuthibitisha: kuzilinganisha hesabu hizo na sheria iliyotajwa kwa jina na mwaka, kwa chombo ambacho usahihi wake wenyewe umethibitishwa, na kuandika matokeo ili mtu asiyekuwapo aweze kuyasoma. Jaribu na thibitisha ni ya asili ya Kiarabu, pima ni ya Kibantu. Lugha imekwisha kuyapokea yote, na kila mtu ajua tofauti zake katika mambo mengine. Hapana asemaye kwamba kujaribu kiatu ni sawa na kupima mguu. Kosa si la lugha bali la mikataba. Mkataba usemao tu kwamba nyaya "zitatestiwa" wamruhusu mfanya kazi kufanya tendo la kwanza na kudai malipo ya la tatu, na mwenye jengo hana neno la kumshika nalo. Ni ule mkataba wa Bahari ya Sham kwa umbo dogo.

Tena liko neno shaba lenyewe. Kiswahili tangu zamani hutumia shaba kwa madini mawili, na husema shaba nyekundu au shaba nyeupe pale panapohitaji kutenga. Wauza vyuma chakavu wa siku hizi husema kopa, na wana sababu, kwa kuwa bei ni mbalimbali. Katika maduka ya nyaya pameingia kitu cha tatu: waya wa aluminiamu uliopakwa ngozi nyembamba ya shaba nyekundu, ambao kwa rangi hauna tofauti na shaba halisi. Sheria zilizotajwa haziukubali. Ukinzani wake wapata mara moja na nusu hivi ya ule wa shaba. Hukatika upesi ukipindwa. Na ukipitishiwa umeme wa kuendesha vyombo, kama kamera au simu za mezani, hupata joto. Jambo la ajabu ni kwamba waweza kupita baadhi ya vipimo vya masafa ya juu, maana umeme wa masafa ya juu hupita katika ngozi ya waya, na ngozi hiyo ni shaba kweli. Anayepima masafa tu na kuacha kupima ukinzani wa kawaida hudanganywa. Wala haihitaji chombo kikubwa kuugundua: kisu kikikwangua ngozi yake, rangi nyeupe huonekana chini. Mfua chuma wa Mamba angaliupinda na kuurudisha kwa mwenyewe.

Nyuzi za kioo zilifuata. Elimu yake ilianza kwa maandishi ya Charles Kao na George Hockham ya mwaka 1966, yaliyoonyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha chaweza kupeleka mwanga mbali. Waya wa bahari wa Seacom ulifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Julai 2009. Na mwaka huo ndipo ilipoanza kazi ya Mkongo wa Taifa, ambao mzunguko wake wa kaskazini wapita Arusha, Moshi na Tanga. Wako waandikao mkonga, kwa kuufananisha na pua ya tembo; serikali yaandika mkongo, na neno hilo limekwisha kukaa. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo zilichukuliwa ndani ya waya wa juu wa nguzo za umeme za TANESCO, ule uwekwao kukinga radi, hivi kwamba katika baadhi ya njia habari na umeme husafiri juu ya nguzo zile zile. Mwezi wa Agosti 2022 TTCL ilizindua intaneti ya kasi mlimani kwenyewe, Horombo, penye kimo cha mita 3,720.

Uzi wa kioo hauna ukinzani wa omu, wala haugusani na mwenziwe, lakini upimaji wake umerudia njia ile ile ya reli ya Tanga. Kipimo cha kwanza ni kutuma mwanga upande mmoja na kuupokea upande wa pili, na kuhesabu umepungua desibeli ngapi. Sheria za Marekani huruhusu desibeli 0.75 kwa kila mahali pa kuchomeka na 0.3 kwa kila kiungo kilichoyeyushwa. Kipimo cha pili hufanywa kwa chombo kiitwacho kwa herufi OTDR, kitumacho mwali mfupi na kusikiliza mwangwi wake, kikachora picha ya njia nzima pamoja na kila kiungo na kila mkunjo. Picha hiyo nayo yadanganya ikichukuliwa upande mmoja. Nyuzi mbili zisizo za namna moja zikiungwa, kiungo chaweza kuonekana kama mahali panapoongeza mwanga, jambo lisilowezekana. Na likitazamwa toka upande wa pili huonekana hasara kubwa kuliko ya kweli. Ukweli ni wastani wa pande mbili. Basi fundi wa Tanga na fundi wa Moshi wamerudi mahali pao, zaidi ya miaka mia baada ya reli, kila mmoja akipima kwa mwisho wake.

Adui mkubwa wa uzi huo katika Moshi ni vumbi. Kiini cha uzi wa masafa marefu ni maikromita 9 tu, wakati unywele wa mtu wapata 70 hivi. Chembe moja ya vumbi la Januari, ikikaa mbele ya kioo, hufunika njia. Kwa hiyo sheria za leo zadai kwamba kila ncha itazamwe kwa hadubini na kusafishwa kabla ya kuchomekwa, na kazi hii huitwa kukagua. Ni neno la nne, na lafaa litengwe na yale matatu, maana jicho likaguapo halipimi kitu.

Mwisho wa kazi ni cheti. Neno hili ni la Kihindi, chitthi, barua ndogo. Katika biashara za pwani lilikuwa karatasi ya kumtambulisha mchukuzi wake kwa mtu aliye mbali, na maana hiyo bado ndiyo iliyo sahihi. Cheti cha nyaya humwambia mtu wa kesho, fundi atakayeitwa jengo likiwa limekwisha kubadili mwenyewe, ni waya gani, umepimwa kwa sheria gani, kwa chombo gani na siku gani, na ulikuwa na nafasi kiasi gani mpaka kwenye kikomo. Chombo hukitoa kwa Kiingereza, na kwa kawaida msomaji hutazama neno moja tu, kupita au kushindwa. Lakini vyombo vina jibu la tatu. Pale hesabu ilipo karibu na kikomo kuliko usahihi wa chombo chenyewe, matokeo huandikwa na nyota pembeni: waya umepita, ila chombo hakiwezi kuapa. Mikataba mingine huikubali nyota hiyo na mingine huikataa, na pale mkataba usipoitaja ugomvi hauna mwamuzi. Kiswahili kina neno lake, ambalo halijaandikwa bado katika mkataba wowote wa nyaya ingawa kila mwanafunzi aliyewahi kufanya mtihani alijua: waya wa namna hiyo umepita kwa chupuchupu.